Makofi Mawili Mbele ya Kannon

Nara, 23 Novemba 2017

Dada Fusae,

Huko Matsue najua mvua ndiyo mwenye nyumba na nyinyi ni wapangaji wake, kwa hiyo hali ya hewa sikuulizi. Nakuuliza goti. Yayoi alipotupigia simu kusema goti la mama yake limevimba na safari haiwezekani, Shizue alikuwa ameshafunga mafungu manne ya wali ndani ya majani ya mti wa mkaki. Fungu lako tukalikalisha dirishani kwenye treni, mahali pako. Tamaki alilila kabla hatujafika Sakurai. Alisema lingechacha.

Jana ilikuwa siku hasa. Hii ni mara yetu ya tisa, tangu tulipovua glavu nyeupe za kampuni ya mabasi, kwenda kwa miguu yetu wenyewe kule tulikokuwa tukiwapeleka wengine, na Tamaki bado hajapona. Tulipofika jinja ya chini, kwa miungu, akasimama palepale chini ya lango jekundu, akainua mkono na kuanza: "Wapendwa wageni wetu, upande wenu wa kulia mtauona mwerezi wa miaka mia nane." Wazee wawili wa Osaka wakageuka kulia kwa adabu zote. Mwerezi uko kushoto, kama unavyojua. Miaka yote ile ya kusimama mbele ya basi tukiwa tumewapa abiria nyuso imempindua kabisa, kulia kwake ni kushoto kwa dunia nzima.

Tukanawa mikono, tukapiga makofi yetu mawili, tukainama, tukaanza kupanda kwenda kwa Budha, hekalu la Kumoi. Ngazi ni zilezile mia tatu na ushee. Shizue alipumzika mara nne, na kila mara alisingizia anatazama majani. Lakini majani yalikuwa ya kutazamwa kweli. Yalikuwa mekundu mpaka paa la ngazi likaonekana kama lina moto chini yake, na mtawa kijana alikuwa akiyafagia huku mengine yakimwangukia begani, wala hakuonyesha kuudhika.

Halafu sanamu ya Kannon wetu wa huruma. Miaka thelathini nimesimama mbele yake na bendera mkononi, jicho moja kwa abiria na jingine kwenye saa. Jana nilikuwa na macho yote mawili. Hebu niambie, wewe uliwahi kujua kwamba kila kiganja chake kimechongwa mistari? Ile mikono arobaini na miwili tunayoiita elfu, kila mmoja una mistari yake ya kiganja, na hakuna unaofanana na mwingine. Mtu alikaa na patasi miaka mia saba iliyopita akaichonga, akijua kwamba huku chini hakuna atakayeiona. Nilisimama pale hadi shingo ikaniuma. Nilifurahi mno, dada, na nilikutamani uwepo.

Tulikukumbuka basi. Ungetegemea nini? Wewe uliyetufundisha sote tukiwa wasichana wa mafunzo, "Miungu huamshwa kwa makofi, Budha hajalala," ndiwe uliyesimama pale mwaka jana ukapiga makofi mawili mbele ya Kannon, tena ya kulia kama mbao. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu nikiosha vyombo. Na sasa umehamia karibu na Izumo, ambako watu wanapiga manne! Uangalie, ukirudi utatuvunjia hekalu.

Uguza goti. Kiti cha dirishani ni chako.

Mdogo wako,
Kinuko


Matsue, 4 Desemba 2017

Kinuko,

Asante kwa barua na kwa majani uliyotia ndani. Yamefika salama.

Nafurahi kwamba siku ilikuwa nzuri na kwamba mmemtazama Kannon vizuri. Mistari ya viganja sikuijua. Inafaa kuongezwa kwenye maelezo ya waongozaji wapya, kama bado wapo wanaofundishwa.

Goti la kushoto bado linasumbua. Daktari anashauri nisisafiri mbali. Nadhani itakuwa hivyo kwa mwaka kesho pia, kwa hiyo ni afadhali msininunulie tiketi wala msinipikie. Simu nayo siisikii vizuri siku hizi, basi msijisumbue kupiga.

Pamoja na barua hii nakutumia kitabu changu cha mihuri ya mahekalu na majinja niliyofika. Kimebaki na kurasa nane. Mwandiko wa watawa na makuhani wale ni mzuri, nisingependa kurasa zibaki tupu kwenye kabati la watu. Zijaze wewe.

Wasalimie Tamaki na Shizue.

Fusae


Nara, 15 Desemba 2017

Dada Fusae,

Yayoi alisema goti la kulia. Wewe unasema la kushoto. Hata Tamaki hapindui namna hiyo.

Kwa hiyo tuache goti. Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara nimeona aibu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi jipu nimelitumbua kwa mikono yangu, tena nikakuandikia kwa wino. Siku ile mwaka jana nilicheka mpaka watu wakageuka. Nilishika nguzo ya hekalu nisianguke. Wewe ukatabasamu, ukashuka ngazi kimya, na Januari ukahama. Mwaka mzima nimejifanya sijui kwamba hayo mawili yanahusiana. Nilidhani nikikuandikia kwa utani kama zamani utanijibu kwa utani kama zamani, ndipo nijue umenisamehe. Badala yake umenitumia kitabu chako. Miaka ishirini na sita ya mihuri! Nilipokifungua nililia, na mume wangu akadhani kuna msiba.

Juzi nilikichukua nikaenda Kumoi peke yangu. Nilitaka nikutilie muhuri mmoja, nikirudishe, uone aibu ya kunikataa. Aliyekuwa mezani ni mtawa mkuu mwenyewe, yule mwenye masikio makubwa. Akatazama jina kwenye jalada, akanitazama mimi. "Fusae ni wewe?" Nikasema hapana, ni dada yangu wa kazini, ni mgonjwa. Akakifunga kwa mikono miwili, taratibu. "Huu ni muhuri wa miguu iliyofika, bibi. Mwambie tunamngoja." Unajua walivyo wengine, wanampigia mtu muhuri hata wa jirani yake. Huyu hapana.

Basi nikakaa pale nikamweleza yote. Makofi, kicheko, nguzo. Nilidhani atasema pole. Alinisikiliza akiendelea kusaga wino, halafu akaniuliza, "Mikono miwili ya mbele ya Kannon umeiona?" Nikasema nimeiona, imeunganishwa viganja, kama sisi tunavyoomba. Akasema, "Na unajuaje kama hajamaliza tu kupiga makofi?"

Hebu fikiri, dada. Miaka thelathini nawaeleza watu mikono ile.

Akanitoa nje akanionyesha kijumba cha jinja nyuma ya ukumbi, kile chenye paa la magome ambacho tulikuwa tukikiruka kwa sababu ya muda. Anasema zamani za mababu uwanja ulikuwa mmoja na lango moja. Serikali ndiyo iliyokuja kutenganisha miungu na Budha kwa amri, na bibi yake mwenyewe hadi anakufa alikuwa akipiga makofi kotekote, na hekalu halijaanguka.

Nikarudi ndani. Palikuwa na mwalimu na kundi la wanafunzi wa shule. Nikasimama mbele ya Kannon, nikapiga makofi mawili. Yalilia hasa. Mwalimu akawaambia wanafunzi, "Tazameni vizuri, hivyo ndivyo tusivyofanya." Sikujitetea. Sasa aibu ni ya watu wawili, na mimi ndiye niliyeadhiriwa mbele ya watoto.

Kitabu nakurudishia. Kuteleza si kuanguka, dada. Nisamehe, halafu nitukane, ila unijibu.

Kinuko


Matsue, 20 Januari 2018

Mdogo wangu Kinuko,

Umeandika nikutukane. Haya: wewe ni mjinga, na umekuwa mjinga tangu siku ile ulipowashusha abiria wa harusi kwenye msiba. Sikukukasirikia. Hata dakika moja sikukukasirikia. Nimekuacha mwaka mzima ukiamini hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema kweli, na hilo ndilo ninaloomba unisamehe.

Siku ile nilipiga makofi kwa sababu sikuwa hekaluni. Tulipofika juu nilisikia harufu ya mierezi iliyolowa, na nikawa Yoshino, uwanjani kwa baba, kwenye jinja aliyokuwa kuhani wake. Nilikuwa na miaka saba na ndala mpya. Sisemi nilikumbuka. Nilikuwa huko. Nikapiga makofi kama alivyonifundisha, viganja vikiwa na nafasi kidogo katikati ili sauti ijae. Halafu nikasikia mtu anacheka kama kuku aliyefukuzwa jikoni, nikasema moyoni, huyo ni Kinuko, na Kinuko hayupo Yoshino. Ndipo nikarudi. Kicheko chako kilinishika mkono.

Kushuka zile ngazi nilikuwa nikihesabu majina yenu kimya. Mama yangu alianza kusahau hivyohivyo, kwa kitu kidogo alichokijua kuliko wote.

Yayoi amenipeleka kwa daktari mara mbili. Kijana mpole, ana soksi zenye vikaragosi. Alinipa maneno matatu niyashike: plamu, sungura, treni. Halafu akanizungusha, leo tarehe ngapi, mia toa saba, tupo mji gani. Aliporudi kuyadai nilimpa plamu na treni. Sungura alikuwa ameshakimbia. Akasema ni mwanzo, na mwanzo unaweza kwenda polepole. Alisema pia nisijifungie ndani, na mimi ndicho nilichokuwa nikifanya.

Magoti yangu ni mazima, yote mawili.

Nilijificha kwa sababu nilikuwa mwalimu wenu. Niliona bora mnikumbuke nikiwa na bendera kuliko mnitazame nikitafuta neno. Kisha ukaniandikia umepiga makofi mbele ya watoto wa watu kwa ajili yangu. Nimekaa na barua hiyo siku nyingi. Hiyo mikono ya mbele, nimeieleza mara nyingi kuliko wewe, na mimi pia sikuwahi kufikiri hivyo.

Nitakuja Aprili. Yayoi atanisindikiza mpaka Okayama na mmoja wenu anipokee hapo. Nina masharti. Msiniambie "unakumbuka?" kila tunapopita. Nikikosea, usijizuie kucheka. Ukiacha kucheka, Kinuko, nitarudije?

Na siku ikiisha, uniandikie yote kama ilivyokuwa, japo nilikuwepo. Huenda nikaihitaji.

Dada yako,
Fusae


Nara, 17 Aprili 2018

Dada Fusae,

Umeniagiza niandike, naandika. Hivi ndivyo ilivyokuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne.

Nilikupokea Okayama siku moja kabla. Ulikuwa umevaa kofia ya samawati na ulinikagua juu hadi chini ukasema nimenenepa. Usiku ulilala kwangu. Asubuhi tukakutana na wenzetu kituoni, na wewe ukakaa dirishani na mafungu ya wali mapajani, ukimlinda Tamaki.

Nilikuwa nimewaeleza kuhusu daktari, kama ulivyoniruhusu. Basi Tamaki kila kituo akakugeukia na kuuliza, "Neno la pili?" Na wewe, "Sungura." Kituo kingine, "Neno la pili?" "Sungura, na ukiuliza tena sikupi wali." Karibu na Sakurai ukamgeuzia Shizue swali hilohilo, na Shizue akatutazama wote, akasema, "Sungura ni la pili au la tatu?" Tulimwambia afungashe ahamie Matsue.

Jinja ya chini ulipiga makofi mawili, namna ile ya baba yako. Sauti yake ni nzuri, dada. Kuhani aliyekuwa akipita alisimama kidogo. Ngazi ulizipanda bila kupumzika, na Shizue akasema mgonjwa ni yeye. Maua ya mwisho ya micheri yalikuwa yakidondoka kwenye paa, na yule mtawa kijana alikuwa tena na ufagio wake. Ulimwambia, "Acha, mwanangu, yatakwisha yenyewe." Akasema, "Ndiyo, bibi," akaendelea kufagia.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukulijua. Sisi watatu tulikuwa tumekubaliana. Tulikuwa tumepanga nyumbani kwa Shizue, tukafanya hata mazoezi: tukifika mbele ya Kannon hatutangoja kukuona utafanya nini. Tutapiga makofi sote pamoja nawe, ili ukipiga, wewe usiwe ndiye aliyekosea. Nilikuwa na wasiwasi njia nzima. Nilikuwa nikitazama mierezi na kujiuliza kama imelowa. Ilikuwa imelowa, kulinyesha alfajiri.

Tukaingia. Ulisimama mbele yake kwa muda mrefu ukitazama juu. Ukanong'ona, "Mistari kweli ipo." Nililiona jicho lako linakwenda kiganja kwa kiganja na uso wako ukawa kama wa msichana, na mimi nilimsahau Kannon nikawa nakutazama wewe. Ni mzuri yule, lakini wewe nimekujua miaka arobaini na tatu.

Halafu Tamaki akanikanyaga mguu, ndiyo ilikuwa ishara.

Tukapiga makofi watatu, pwa, pwa, ukumbi mzima ukaitika. Watu wakageuka. Na wewe umesimama katikati yetu viganja vimeunganishwa, kimya, wima, kama picha ya kwenye kitabu cha mafunzo.

Ukafungua jicho moja. Ukatutazama mmoja mmoja. Ukasema kwa ile sauti ya kipaza sauti cha basi, "Wapendwa wageni wetu, hapa ni hekaluni."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni wewe. Ninachojua ni kwamba safari hii tulioshika nguzo tulikuwa wanne, na machozi yalikuwa yakinitoka na sikujua ni ya nini na nini. Mtawa mkuu alitoka chumbani kwake kuona kuna nini. Akatutazama, akanitambua, akakutazama wewe. "Huyu ndiye Fusae?" Nikasema ndiye. Akasema, "Miguu imefika," akaenda mwenyewe kukaa mezani.

Alikuandikia ukurasa mzima. Ulimwomba tarehe aiandike kubwa. Hakuuliza kwa nini. Aliiandika kubwa kuliko jina la hekalu, akapiga muhuri mwekundu, akaweka karatasi ya kunyonya wino juu yake, akakukabidhi kwa mikono miwili. Umebakiwa na kurasa saba.

Tulishuka kwa lango la nyuma. Kwenye kile kijumba chenye paa la magome ukatusimamisha. "Hapa sasa, wanafunzi wangu, mnapiga." Tukapiga.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sijaongeza kitu, isipokuwa kwamba kwenye treni ya kurudi Tamaki alilala mdomo wazi, na hilo aliniomba nisiliandike.

Mdogo wako,
Kinuko


Matsue, 9 Oktoba 2018

Mdogo wangu Kinuko,

Mvua, mwenye nyumba wetu, yupo.

Barua yako iko kwenye droo ya jikoni pamoja na vijiti vya kulia. Yayoi ameiweka hapo ili nikutane nayo kila siku. Leo nimeisoma. Karatasi imelegea kwenye mikunjo, kwa hiyo najua si mara ya kwanza. Kitabu cha mihuri nakiweka pembeni, nafungua ile tarehe kubwa, nahakikisha kwamba nilikuwepo.

Nilipofika pale mnapopiga makofi watatu, nimecheka mpaka Yayoi akaja mbio na sabuni mikononi. Anasema kila asubuhi nacheka palepale, kama mtu asiyejua kinachokuja.

Novemba mniwekee kiti dirishani. Na msinionee huruma kupita kiasi. Nyinyi makofi yale mliyacheka mara moja tu.

Fusae